Namna ya kumshuhudia kidukari akizaa bila dume

Kwa misimu kadhaa nilipulizia dawa kabichi zangu hapa Lushoto, vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, wakafa, na baada ya wiki mbili majani yakajikunja tena, yamejaa unga ule wa kijivu. Nikailaumu dawa. Kumbe walikuwa wakibaki wawili watatu chini ya jani, nami nikiwadharau. Niliacha kuwadharau nilipomfungia mmoja peke yake ndani ya chupa. Jaribu nawe, utapoteza mche mmoja tu.

Otesha mche wa kabichi kwenye kopo mpaka uwe na majani manne. Kagua kila jani, juu na chini; asiwepo mdudu hata mmoja. Kata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, ufunike mche, uikandamize izame kwenye udongo vidole viwili. Toa kifuniko, funga mdomo kwa kipande cha mtandio mwepesi. Ukiziba kabisa, chupa itatoka jasho na ukungu utaharibu kazi yote.

Sasa mtafute mdudu. Usichukue mkubwa! Mimi mara ya kwanza nilichukua mkubwa, akazaa, nikaenda kwa jirani yangu kwa furaha. Akaniuliza: "Umejuaje kwamba hakupandwa kabla hujamfunika?" Sikuwa na jibu. Lazima umpate anapozaliwa. Asubuhi, jua likishapanda, geuza jani lenye vidukari, utulie, utazame. Utamwona mama ametulia na nyuma yake kinachomoza kitoto, kimetanguliza makalio. Hakuna yai. Kikishasimama kwa miguu yake, kibebe kwa ncha ya unyoya wa kuku uliolowa kidogo, ukiweke kwenye mche wako, ufunike papo hapo.

Andika tarehe, kisha tazama kila asubuhi. Atajivua ngozi mara nne; utaziona zimebaki nyeupe juu ya jani. Wangu alianza kuzaa siku ya tisa. Watoto wahesabu na uwaondoe kila siku kwa unyoya, la sivyo utashindwa kujua yupi mama na yupi binti. Akivimba, akawa rangi ya majani makavu na hasogei, ujue alitagiwa na nyigu mdogo kabla hujamfunika. Anza upya. Ila wa namna hiyo ukiwakuta shambani, waache hapo hapo, kwa maana kila mmoja atatoa nyigu mwingine wa kukusaidia.

Njia hii ni ya zamani. Charles Bonnet, mtafiti wa wadudu aliyekuwa kijana wa miaka 20, aliifanya Geneva, Ulaya, mwaka 1740: alimtenga kidukari tangu kuzaliwa, akamhesabia watoto 95. Kule kwao siku zikifupika na baridi ikikaribia, madume huzaliwa, na majike hutaga mayai ya kuvumilia baridi hiyo. Kwetu baridi haifiki huko, kwa hiyo jike huzaa jike mwaka mzima. Na linalonishangaza mpaka leo ni hili: binti, kabla hajatoka tumboni mwa mama yake, tayari naye amebeba mimba changa. Usimfananishe na kuku wa mayai. Yule hutaga bila jogoo, lakini yai lake halitoi kifaranga.

Tangu hapo, shambani nafanya hivi. Natembea mche kwa mche, nageuza majani ya chini na ya moyoni, nawaosha kwa maji yenye povu la sabuni ya kipande huku nikiwasugua kwa kidole gumba. Siku ya tatu narudi kwenye miche ile ile, hata kama inaonekana safi, kumtafuta yule mmoja aliyebaki. Na nikishavuna, visiki nang'oa siku hiyo hiyo, nafukia. Kisiki kikiachwa kichipue, ndimo wanamosubiri miche mipya.