Namna ya kuvunja hadithi ya vita bila kumpoteza msomaji

Nafundisha fasihi hapa Dodoma, na kila mwaka wapo vijana wanaoniletea hadithi za Vita vya Kagera. Karibu zote zimesukwa kwa msago, yaani matukio yanafuatana moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yanavamia. Novemba Mwalimu Nyerere analitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Vijana wanapanda treni, wanapigana. Aprili 1979 Kampala inaanguka na shujaa anapokelewa kijijini kwa vigelegele. Kama historia, mpangilio huo ni sahihi. Tulivamiwa tukajitetea, na hilo silipingi. Lakini ukimwandika mtu ambaye mwili wake umerudi na usingizi wake umebaki kule, msago unakuangusha, kwa sababu unaipa vita kitu ambacho yeye hakukipata: mwanzo unaoeleweka na mwisho uliokwisha.

Hapo ndipo hadithi inapohitaji kuvunjwa. Siyo ili ionekane ya kisasa. Inavunjwa mahali kumbukumbu ya mhusika ilipovunjikia, na kwingine kote inabaki wazi kama mchana. Ukishika hilo tu, mengine yote ninayoyaeleza hapa chini yatakuwa rahisi.

Sikiliza kwanza. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo, akachukuliwa kutoka upande wa Mpwapwa. Safari ya treni anaisimulia kwa undani unaokushangaza: nani alikaa dirishani, chai waliyopewa Tabora, wimbo ulioimbwa mpaka Mwanza. Halafu meli. Halafu daraja la Kyaka, lililokuwa limelipuliwa. Akifika darajani anageuka kuuliza kama ng'ombe wameshanyweshwa. Usidhani amesahau. Mtu aliyesahau hutafuta maneno. Yeye hatafuti, anaondoka. Ukimsikia mzee wa namna hiyo, usimkimbize na maswali ili upate kilichofuata. Andika alichokieleza kwa wingi, andika alipoondokea, andika na alikokwenda. Tayari amekupa muundo: wingi wa habari ndogondogo kabla ya jambo, pengo, kisha kazi ya leo ya mikono.

Ukirudi mezani, andika kisa chote kwa msago, kwa ajili yako peke yako, pamoja na tarehe, majina ya mahali na nani alikuwa wapi. Wengi hawapendi hatua hii, ila mimi siiachi. Mwandishi asiyejua kilichotokea hawezi kukificha. Atamchanganya msomaji kwa sababu yeye mwenyewe amechanganyikiwa. Kisha tafuta dakika moja. Siyo vita nzima, dakika moja ambayo mhusika wako hawezi kupita juu yake. Iwekee alama. Ndiyo kitovu, na kila kipande utakachokata kiwe kinaikaribia au kinaikimbia.

Sasa mfano. Mwanafunzi huandika hivi:

"Chibago alikwenda vitani mwaka 1978. Rafiki yake aliuawa karibu naye. Aliporudi nyumbani alikuwa na huzuni kubwa na kiwewe, hakulala usiku."

Hakuna uongo hapo, ila hakuna kitu cha kushika. Jaribu hivi:

"Upepo uligonga bati la jikoni. Chibago akaweka debe chini, taratibu sana.
'Umeshapima madebe mangapi ya mahindi?' mkewe akauliza kutoka ndani.
'Alikuwa upande wangu wa kushoto.'
'Nani?'
'Mawili.'"

Neno huzuni halimo, vita haijatajwa, na msomaji amekaa wima. Kilichovunjika ni jibu moja tu. Bati, debe, mke na mahindi vyote viko mahali pake, na kwa sababu viko mahali pake ndiyo maana ufa unaonekana. Tena ufa umeletwa na sauti. Kumbukumbu ya kiwewe haiji kwa mpango wa mtu. Inaitwa na mlio, harufu, au namna mwanga unavyoangukia ukuta. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kwetu (bati, vumbi la Agosti, honi ya treni ikiingia stesheni usiku) ukifanye mlango. Mbinu rejeshi tunayoifundisha darasani, ya "Chibago akakumbuka siku ile…", ni dhaifu kwa kazi hii. Mtu mwenye kiwewe hakumbuki siku ile. Yumo ndani yake.

Dakika ile ya kitovu usiiseme mara moja ukamaliza. Irudie, kila mara kidogo tofauti. Tim O'Brien, aliyepigana Vietnam, alifanya hivyo katika The Things They Carried (1990): kifo cha askari mmoja, Curt Lemon, aliyekanyaga bomu lililotegwa huku akicheza na mwenzake, kinasimuliwa tena na tena, mara kwa utulivu, mara kwa mwanga wa jua unaoonekana kama ndio uliomnyanyua, mara kwa ukatili wa kilichobaki mtini. Hakuna usimulizi mmoja unaomaliza kazi. Katika hadithi ya Chibago, mara ya pili labda tujue kwamba wa kushoto alikuwa anaomba maji. Mara ya tatu, kwamba Chibago alikuwa nayo.

Msomaji naye anahitaji ulinzi, na wengi hawamlindi. Kurt Vonnegut alikuwa mfungwa wa kivita Dresden mji huo ulipoteketezwa kwa mabomu Februari 1945. Riwaya yake Slaughterhouse-Five ilitoka 1969. Mhusika wake Billy Pilgrim anarushwa huku na huku katika wakati, bila kuchagua. Lakini angalia: sura ya kwanza yenyewe inamwambia msomaji riwaya itaanzaje na itaishia wapi. Taharuki ya "nini kitatokea" ameiondoa makusudi, tukabaki na swali zito zaidi, la mtu anaishije na jambo ambalo tayari limetokea. Na baada ya kila kifo inakuja kauli fupi ileile, mpaka inaanza kuuma. Takriri hiyo ndiyo kamba ya msomaji. Nawe mpe yake. Kila unaporuka, sentensi ya kwanza imwonyeshe yuko wapi: tope na migomba ni Kagera; vumbi na miti ya mikungugu ni nyumbani. Huhitaji tarehe juu ya kila kipande.

Wapo watakaokuambia Kiswahili hakikubali muundo wa namna hii. Euphrase Kezilahabi alishawajibu mwaka 1990 kwa Nagona, riwaya iliyouacha msago na ikasimama.

Wengine husema katikati ya nchi hatuna vita ya kuandika. Waulize wazee wa Kigogo habari za Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Waingereza walikuwa wameichukua Dodoma kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo; mvua zikakosekana, watu wakafa kwa maelfu. Vita hiyo haikuwa ya Wagogo hata kidogo. Hadithi ya namna hii ivunje kwa njia nyingine. Aliyeona hayupo tena, kwa hiyo gawa usimulizi: bibi ana kipande cha ghala tupu, jirani ana kipande cha mtu aliyeondoka na mzigo kichwani, wa tatu ana wimbo tu. Usiwapatanishe. Wakipingana kuhusu nani alikufa kwanza, waache wapingane.

Ukimaliza, msomee mtu kwa sauti. Akiuliza "nani anaongea hapo?", rekebisha, hilo ni kosa lako. Akiuliza "kwa nini hakumpa maji?", usiguse kitu. Futa pia sentensi yoyote ambamo msimulizi anaeleza kwamba vita ni mbaya. Kama debe na bati havijasema, sentensi hiyo haitaokoa hadithi.

Na kama kisa ni cha mtu aliye hai, msomee yeye kabla ya kumpelekea mhariri. Akitaka kipande fulani kitoke, kitoe, na usitunge kingine cha kuziba mahali pake.