Kufunga amu za mbele za Camaro ya 1969: bushi hukazwa gari likiwa chini

Somo hili ni la anayefufua Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969 na fremu yake ya mbele imeshasafishwa na kupakwa rangi. Amu ni mikono ya chuma, wa juu na wa chini, inayounganisha gurudumu na fremu; bushi ni vikombe vya mpira vilivyo pale amu inaposhikana na fremu.

Hatua ya 1. Simamisha fremu juu ya stendi, usitegemee jeki. Toa tairi, breki na shokapu. Kwenye amu ya juu utakuta shimu, vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha pembe za gurudumu. Zifunge kwa waya, uandike kila fungu limetoka boliti ipi.

Hatua ya 2. Springi, na hapa tafadhali usiharakishe. Imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Pitisha mnyororo katikati yake, uufunge kwenye fremu. Weka jeki chini ya amu ya chini, legeza nati ya boljointi ya chini (kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha ya amu, upande wa gurudumu) bila kuitoa, kisha gonga ubavu wa chuma kilichoshika boljointi hadi iachie. Pandisha jeki ibebe mzigo, toa nati, shusha taratibu.

Hatua ya 3. Funga amu mpya, rudisha springi. Amu ya chini ina matundu mawili kwenye kikalio cha springi: ncha ya springi ifunike moja, la pili libaki wazi. Ukifunga boljointi, tundu la pini ya kuzuia nati lisipolingana na mkato wa nati, kaza mbele kidogo, usilegeze.

Hatua ya 4. Bushi ya mpira haizunguki, mpira wenyewe ndio unaojipinda. Ukiikaza amu ikining'inia, gari likishuka mpira unabaki umepindwa siku zote: pua ya gari inakaa juu, bushi inachanika mapema. Kwa hiyo nati za bushi zishike tu kwanza bila kukazwa. Rudisha tairi, shusha gari, libonyeze mara kadhaa, ndipo ukaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa vipimo vya kitabu cha Chevrolet. Pakibana, weka stendi chini ya amu za chini, karibu na boljointi, gari lilale kwa uzito wake.

Maswali

– Fundi, nimefunga bushi za poliyurethani. Nazo zinasubiri?
Hapana, hizo huzunguka kwenye bomba lake. Zipake grisi yake vizuri, la sivyo zitalia.

– Mkuu, yangu nimekaza ikiwa hewani na pua iko juu. Ninunue springi fupi?
Usinunue kwanza. Legeza nati zote za bushi gari likiwa chini, libonyeze, kaza upya. Ikibaki juu, hakikisha springi si za injini kubwa kuliko yako.

– Shimu zikirudi zilikokuwa, alaimenti (kupima na kupanga pembe za magurudumu) ya nini tena?
Bushi na springi mpya hubadilisha kimo na pembe za magurudumu. Zile shimu zinakufikisha gereji tu, kaka.