Namna ya kusomea ubingwa wa upasuaji bila kumsahau mgonjwa asiyefika

Mdogo wangu uliyepata nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji huku Kanda ya Ziwa, hongera. Kushika kisu utafundishwa na walimu wengi. Mimi nataka kukueleza namna ya kumtafuta mgonjwa ambaye hajafika mezani kwako. Hiyo nayo ni kazi ya daktari wa upasuaji, na ukihitimu bila kuijua utakuwa bingwa wa watu wa mjini peke yao.

Kuhusu njia za kusoma sitakaa sana. Wapo wanaopitia MMed, shahada ya uzamili ya udaktari ya chuo kikuu, na wapo wanaopitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999, makao yake Arusha. Huko hakuna darasa wala bweni. Unafundishwa hospitalini, ilimradi hospitali yenyewe imepewa ithibati: miaka 2 ya kufikia MCS, ngazi ya uanachama, kisha 3 ya kufikia FCS, ngazi ya ubingwa, kwa upasuaji wa jumla. Ukipewa nafasi ya kuchagua hospitali, usitazame jina lake. Uliza dharura zinazofanywa usiku ni za namna gani, na kama mwalimu huingia thieta pamoja na wewe.

Wiki ya kwanza, mwombe sista msimamizi rejesta ya thieta. Utakuta tarehe, jina, umri, operesheni, aina ya usingizi na daktari aliyefanya. Mgonjwa ametoka wapi, mara nyingi hutakuta. Basi nunua kaunta buku yako. Andika namba ya faili bila jina, kisha wilaya na kata, dalili zilianza lini, alipita wapi kabla ya kuja kwenu, na nani amelipa. Wagonjwa wa dharura waulize ndugu zao palepale wodini, kesho yake kumbukumbu zimeshachanganyika. Buku ikae kwenye droo yenye kufuli.

Baada ya miezi michache chukua ngiri peke yake. Zitenge: zilizofanywa kwa miadi upande mmoja, na upande wa pili zilizoletwa usiku zikiwa zimenasa. Kisha soma safu ya wilaya. Kwetu picha ilijitokeza bila hesabu ngumu: wa mjini walikuja mchana kwa miguu yao, wa visiwani walikuja wamebebwa, utumbo umeshakuwa mweusi. Ugonjwa ni uleule, na ukiwahiwa matibabu yake ni madogo. Nilimpokea mvuvi mmoja ambaye bado alikuwa na kadi ya miadi mfukoni. Siku yake alifika, katika hospitali nyingine, akaambiwa orodha imekatwa kwa kuwa mtaalamu wa usingizi ameitwa kwenye dharura, arudi mwezi ujao. Nauli ya kurudi mwezi ujao hakuwa nayo. Tulimkata kipande cha utumbo usiku ule, naye akakaa wodini msimu mzima wa dagaa ukipita.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kupanga orodha ya operesheni, na utapewa kwa sababu mabingwa hawaipendi, mtoto mchanga na mwenye kisukari watangulie kama ulivyofundishwa, kisha anayefuata awe aliyetoka mbali zaidi. Orodha ikikatwa hukatwa mkiani. Mkiani muweke mtu wa Nyamagana, hapo jijini Mwanza, anayeweza kurudi kesho kwa daladala. Asiwe wa kisiwani Ukerewe.

Umbali nao usiupime kwa kilomita. Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet, mwaka 2015, ilitaja operesheni tatu ambazo kila hospitali ya wilaya inapaswa kuziweza: kumtoa mtoto kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Ikataka ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 80 ya watu wa kila nchi waweze kuifikia hospitali ya namna hiyo ndani ya saa 2. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko pale. Wa visiwani bado anatazama ratiba ya meli na hali ya ziwa. Ijue ratiba hiyo kama unavyojua dozi za dawa, na usimruhusu mtu kutoka wodini saa ambayo meli ya mwisho imeshaondoka.

Siku tatu kabla ya miadi mpigie mgonjwa simu. Muulize kama nauli ipo, nani atamsindikiza, na kama ana bima. Mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa malipo, lakini akija bila barua ya mtendaji wa kijiji atazungushwa kati ya dirisha la malipo na ofisi ya ustawi wa jamii mpaka thieta ifungwe. Mwambie barua aipate kabla hajapanda meli. Kama anaongea Kisukuma au Kikerewe kuliko Kiswahili, tafuta nesi anayekijua, na fomu ya ridhaa aelezwe kwa lugha hiyo kabla hajaweka dole gumba.

Kila robo mwaka geuza buku yako kuwa ukurasa mmoja, uupeleke kwenye kikao cha vifo na matatizo, na mganga mkuu wa wilaya aalikwe. Omba kitu kimoja kinachotendeka. Sisi tuliomba siku moja kwa mwezi ya ngiri na mabusha katika hospitali ya wilaya, daktari wa huko ndiye ashike kisu, mwanafunzi wa ubingwa amsaidie. Hapo utaona vishawishi vya kumnyang'anya ili uongeze idadi kwenye logibuku yako, daftari la operesheni ulizofanya. Usifanye hivyo. Wewe utaondoka, yeye anabaki.

Huko tumieni orodha ya usalama ya WHO, Shirika la Afya Duniani, yenye mambo ya kuhakikisha wakati wa operesheni, na isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, ili hata mhudumu aweze kusema kuna kitu hakipo. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, vifo viliteremka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kabla ya kuwasha gari kwenda hospitali hiyo ya wilaya piga simu: oksijeni ipo? Mashine ya kuchemshia vifaa inafanya kazi? Damu? Na nani atawaangalia wagonjwa usiku? Kama swali hilo la mwisho halina jibu lenye jina la mtu, beba shuka zako, utalala huko.