Mwenzako Akipoa Ziwani: La Kufanya Hatua kwa Hatua

Hapa Kisumu wengi huamini Ziwa Victoria halina baridi ya kuua. Maji ya Ghuba ya Winam huwa nyuzi 25 hivi. Mwili wako ni 37. Maji hunyonya joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, na ukishalowa, upepo wa alfajiri humalizia. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ndiyo haipothemia.

1. Tazama vidole, sikiliza ulimi. Kayaki ya mwenzangu ilipinduka tulipotoka Dunga kabla ya jua kuchomoza. Tulipomtoa alikuwa anatetemeka, meno yakigongana, nikadhani atapata nafuu tu. Kisha nikamwona akihangaika na kifungio cha jaketi la kuokoa maisha: vidole vinapapasa, vinateleza, havibani. Nikamsemesha, akajibu kwa ulimi mzito kama mlevi. Siku hizi namwambia mtu agusishe kidole gumba kwa kidole cha mwisho. Akishindwa, safari imeisha. Mtetemo ukikoma naye bado ni baridi na amezubaa, usifurahi. Mwili umeishiwa nguvu, na hapo ndipo hatari ilipo.

2. Kama bado yuko majini, ashikilie kayaki, asijaribu kuogelea hadi ufukweni. Ukimtoa, mlaze. Asitembee, asipige kasia. Mshike taratibu, maana moyo uliopoa huvurugika mapigo kwa mtikisiko mdogo.

3. Mvue nguo zilizolowa, mpanguse bila kumsugua. Tandika kitu chini yake kwanza, kwani mchanga nao hunyonya joto. Mfunike leso na blanketi hadi kichwani, uso ubaki wazi, kisha turubai juu kuzuia upepo. Chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kitambaani ziwekwe kifuani na kwapani, si mikononi wala miguuni.

4. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe chai au uji wenye sukari nyingi. Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, hapana, hata wazee wa ufukweni wakisisitiza: hufungua mishipa ya ngozi, joto likatoroka.

5. Akizimia, piga 999 au 112. Chunguza pumzi kwa dakika nzima, kwa sababu aliyepoa hupumua polepole mno. Hapumui? Anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, usiache hadi msaada ufike, hata akiwa baridi kama samaki.

Mimi hubeba leso mbili, sweta, kofia ya sufu na chupa ya chai kwenye mfuko usioingiza maji, nyuma ya kiti, hata nikienda Hippo Point tu.