SOMO: Jipigie hesabu ya umbali na muda wa ndege, Zanzibar hadi Moroni

Wadau, wenye ndugu Ngazija, kisiwa cha Komoro chenye mji wa Moroni, huulizana kila mara ndege inachukua muda gani. Kikokotoo cha simu kinatosha kukupa jibu.

Hatua ya 1: Chukua latitudo na longitudo za viwanja vya ndege, si za miji. Abeid Amani Karume, uwanja wa Zanzibar: 6.22 Kusini, 39.22 Mashariki. Uwanja wa Moroni uko Hahaya, kama kilomita 20 kaskazini ya mji: 11.53 Kusini, 43.27 Mashariki.

Hatua ya 2: Toa. Latitudo zinapishana nyuzi 5.31, longitudo 4.05. Nyuzi moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, kwa hiyo 5.31 × 60 = 318.6. Kwenye longitudo kuna mtego: mistari yake hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, hivyo zidisha pia kwa kosini (kitufe cha "cos" kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati (nyuzi 8.9), yaani 4.05 × 60 × 0.988. Unapata 240. Huku kwetu ukiisahau kosini hukosei sana. Kwenye latitudo ya London ungekosea vibaya.

Hatua ya 3: Zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: maili 399 za baharini. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo 399 mara 1.852 ni karibu kilomita 740.

Hatua ya 4: Gawa kwa mwendo. ATR 72 ya mapangaboi huenda kama kilomita 500 kwa saa, jeti kama 800. Ongeza dakika 20 za kupaa na kujipanga kutua. ATR: takriban saa 1 na dakika 50. Jeti: saa 1 na robo.

Wengi huishia hapo, kumbe kinachokula siku ni kuunganisha ndege. Ukipitia Dar, jumla ni kama kilomita 756, yaani umeongeza 16 tu! Ukipitia Nairobi, inapita 1,900. Lakini hata hiyo njia fupi ya Dar, ndege ya pili ikiondoka jioni, utashinda uwanjani. Kabla ya bei, tazama kwanza pengo kati ya ndege mbili.

MASWALI

Mkuu, saa za Moroni ni kama zetu?
Ndiyo, kote ni saa 3 mbele ya Greenwich. Ila tiketi ikiandika 14:00, hiyo ni saa nane mchana. Kama ni mzee anasafiri peke yake, mwandikie "saa nane mchana" kwa kalamu juu ya karatasi ya tiketi, tena herufi kubwa.

Upepo je, mwalimu?
Upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa unaishusha ATR hadi 460. Umeongeza dakika 8 hivi.

Dakika 50 za kubadilisha ndege Dar zinatosha?
Hapana, ndugu yangu. Ndege za kimataifa hutumia jengo la 3, na wewe ukitoka Unguja unashukia upande wa safari za ndani. Tiketi zikiwa mbili tofauti, unachukua begi, unahama jengo, unapanga foleni upya ya kukabidhi mzigo, halafu uhamiaji. Mimi nikiwakatia watu wangu sikubali chini ya saa nne.