Kupanda Asclepias tuberosa Bustanini: Chagua Mahali Mara Moja

Kwenye mbuga za nyasi za katikati ya Marekani, Asclepias tuberosa huchanua maua ya rangi ya chungwa kati ya Juni na Agosti. Kimo chake ni sm 30 hadi 75, na huishi miaka mingi. Majani yake huliwa na viwavi wa kipepeo monarki, ambao hawali kitu kingine isipokuwa mimea ya jamii hii. Kwa wanaolima bustani Iowa, Illinois au Minnesota, ni mmea wa kupewa nafasi.

Jambo la kwanza ni mzizi. Mzizi mkuu ni mnene na hushuka wima, ndiyo maana mmea huvumilia ukame. Ukikatika wakati wa kuhamisha, mara nyingi mmea hufa. Ukikaa kwenye maji, hasa wakati wa baridi, huoza. Kwa hiyo chimba shimo la sm 30, lijaze maji, yakishanywea lijaze tena. Ukikuta maji kesho yake, hapo hapafai. Inua tuta lenye mchanga mwingi au tafuta mahali pengine penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Samadi na mbolea ya chumvichumvi usiweke: shina hurefuka, hulegea na kulala.

Mbegu hazioti vizuri bila kupitia baridi. Njia rahisi ni kuzipanda Novemba, kina cha nusu sentimita, theluji ifanye kazi yake. Ukipenda, zichanganye na mchanga wenye unyevu kidogo (usichuruzike maji ukiubana), zifunge kwenye mfuko na uziweke kwenye friji kwa siku 30 au zaidi. Kisha zipande kwenye vikopo virefu, mbegu 2 kila kimoja, mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 24. Mwagilia asubuhi tu. Unyevu wa kudumu huleta kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga. Hamisha miche ingali midogo, na udongo wake wote, baada ya jalidi (baridi ya kugandisha) ya mwisho. Nafasi: sm 45.

Mwagilia mara moja kwa wiki kiangazi cha kwanza, halafu acha. Maua tarajia mwaka wa 2 au wa 3. Mwaka wa kwanza mmea unajenga mzizi.

Kosa linaloua mimea mingi hutokea Mei. Mmea huu huchelewa sana kuchipua, na mkulima akiona pakavu hudhani umekufa, akachimba na kuukata. Acha mashina ya mwaka uliopita yasimame au chomeka kijiti.

Vidukari wa manjano watakuja. Wanatisha kwa wingi wao, lakini ni nadra kuua mmea uliokomaa. Kagua kwanza upande wa chini wa majani kama kuna mayai ya monarki, meupe, moja moja, kisha wapige vidukari kwa maji ya mpira. Dawa ya wadudu itaua viwavi pia. Unaponunua miche, uliza kama ilitiwa dawa inayosambaa ndani ya mmea. Kama ndiyo, iache.

Maganda yakianza kupasuka, yafunge kwa uzi kabla sufi haijapeperusha mbegu. Nawa mikono baadaye: utomvu ukiingia machoni huwasha, na mmea ukiliwa ni sumu kwa watu na mifugo.