Somo: Ukimweka mwanao kwenye video za kulipwa, fanya hivi

Naandika hapa mara moja kwa wote, maana kila wiki naulizwa lilelile. Nipo Moshi, chaneli yetu ya familia ina mwaka wa tatu.

1. Muulize mtoto. Akikataa, weka simu chini.

2. Usimrekodi usiku. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

3. Ficha anakosoma na anakoishi. Hapa niliharibu. Nilirusha video ya binti yangu akimenya ndizi barazani, sweta la shule mwilini, nembo inasomeka. Wiki mbili baadaye, sokoni Kiborloni, mwanaume nisiyemjua akamwita kwa jina la nyumbani na kumuuliza kama goti limepona. Mtoto alijificha nyuma ya kanga yangu. Video niliifuta usiku uleule, lakini ilishapakuliwa na kusambazwa WhatsApp. Kwa hiyo: hakuna nembo, geti, namba ya gari, bafuni wala wodini. Hata siku moja!

4. Tenga hela yake. Sheria yetu inampa mtoto anayefanya kazi haki ya ujira. Illinois, Marekani, tangu Julai 1, 2024, mzazi anatakiwa kumwekea mtoto wa chini ya miaka 16 sehemu ya mapato mpaka afike 18. Mimi naweka nusu ya kila video aliyotokea.

MASWALI

Baba Ivan: Wangu anacheza tu, hiyo nayo kazi?
— Ukimrudisha mlangoni mara ya sita aingie tena akicheka, ni kazi.

Mama Glory: Natenga kiasi gani?
— Hatua ya 4. Soma kwanza, mama.

Mwalimu wa Rau: Akikua akataka zifutwe?
— Asante mwalimu, hili wengi hawalifikirii. Ufaransa, kwa sheria ya Oktoba 2020, mtoto mwenyewe anaweza kuomba video zake ziondolewe bila ruhusa ya wazazi. Haitufikii huku, ila nyumbani kwangu ndiyo kanuni: binti akisema futa, nafuta siku hiyohiyo. Ameshafuta tatu, mojawapo ndiyo iliyokuwa ikituingizia zaidi.

Mama Glory: Nimesoma, samahani. Benki wamenikatalia akaunti ya mtoto.
— Ulipeleka kadi ya kliniki? Wanataka cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Akaunti iandikwe jina lake, wewe uwe msimamizi tu.